Tairi Zilizochongwa Meno

Kilichoninyima usingizi mwezi ule kilikuwa swali moja: kama nisingekubali tairi zichongwe, mtoto wa dada yangu angekuwa hai? Niligeuza swali hilo kila upande. Huenda angekufa hata kama gari lingekuwa na tairi mpya. Huenda jiwe lile lingepasua tairi yoyote. Kisha nilikumbuka waya niliouona kwa macho yangu, na mawazo yote yakaanza upya.

Baba ana pikapu inayobeba watu na mizigo kati ya mji wa Baraka na Fizi, kule mlimani. Macho yake yalipofifia, mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo na licence, shahada ya mazingira ambayo hakuna mtu aliyeihitaji, akanipa ufunguo. Pale tunapopakia, Baraka, abiria hawaulizi breki wala umri wa gari. Wanaangalia tairi. Mama mwenye gunia la dagaa huinama, huingiza kidole katikati ya meno ya mpira, na kidole kisipozama anahamia gari la jirani. Ana sababu. Ukiwa njiani kupanda kuelekea Fizi kuna kipande cha udongo mwekundu ambacho mvua ikinyesha kinameza magurudumu hadi nusu, na wanaoshuka kusukuma ni abiria wenyewe.

Kwa hiyo tairi ikiisha meno haitupwi. Fundi hupasha moto kisu kilichopinda juu ya makaa, kisha anachimba mifereji mipya katika mpira uleule wa zamani. Vipande vinatoka virefu kama minyoo na nguo zako zinanuka siku nzima. Tairi inarudi barabarani na meno kama mpya. Kilichopungua ni unene wa chini, na huo hakuna anayeupima kwa kidole.

Mwaka jana, mvua zilipokaribia, tulichonga zote nne pamoja na ya akiba. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na ile ya mbele kulia nilipoona waya wa ndani ya tairi ukimeta kwenye mfereji.

"Hapa kisu imefika kwenye waya," nilisema.

Fundi alichovya kidole kwenye masizi, akapaka. "Sasa waya iko wapi? Licencié, mambo ya chuo uache kule chuo. Bamama banatafutaka meno. Meno njo hii."

Baba alicheka. Nami nilicheka. Juma lililotangulia nilikuwa nimekataa kuondoka kwa sababu ya wingu moja juu ya milima, wingu ambalo halikuleta hata tone, na tangu hapo abiria walikuwa wakiniita Météo, yaani mtabiri wa hali ya hewa. Sikutaka kuwa Météo tena. Niliyaacha masizi pale yalipo.

Kwa majuma kadhaa tulipita matopeni bila mtu kushuka. Kina mama walilisubiri gari letu na kuyaacha mengine. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonichoma zaidi ninapoikumbuka.

Dada yangu mkubwa ameolewa katika kijiji cha mlimani, upande wa Fizi. Uchungu ulipomshika, muuguzi wa huko aliona mtoto amekaa vibaya tumboni, akaagiza dada apelekwe hospitali ya Baraka kupasuliwa. Nilipanda kumchukua asubuhi. Matope tuliyapita vizuri tukiwa tunashuka. Baada ya matope kuna mteremko wa mawe makali, na hapo tairi ya mbele kulia ilipasuka. Ile ya akiba nayo ilikuwa imechongwa; haikufika mbali. Tulimlaza dada chini ya turubai kando ya njia hadi ikapatikana pikipiki. Wanawake wawili walikuwa wakimwambia apumue. Mimi nilikuwa nimesimama nikiangalia mpira uliofunguka, nyaya zimetoka nje kama nywele.

Dada aliokolewa. Mtoto alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Niliwaambia wote ni jiwe. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Dada mwenyewe alinishika mkono akasema Mungu ndiye aliyepanga, nami nikaitikia.

Mwaka huu dada alikuwa na mimba tena, nayo ilikuwa imefika mwezi wa nane mvua zikiwa zimeanza. Alituma ujumbe kuhusu tairi kupitia mwendesha pikipiki aliyeshuka Baraka: "Umwambie mudogo wangu aweke zile pneu za meno. Uchungu ikinishika akuje ye mwenyewe, namutumainia."

Wakati huo Baba alikuwa amenunua tairi nne zilizotumika, za barabara ya kawaida. Zilikuwa na mpira mnene lakini meno yake hayakuwa marefu kuliko ukucha. Siku ya kwanza nilipozipeleka kupakia, mama mmoja aliingiza kidole, akakitoa, akakipangusa kwenye kitenge chake.

"Météo," alisema, "hii pneu imenyolewa ndevu. Inaenda ku mariage?"

Watu waliicheka tairi ya kwenda harusini, naye akahamisha gunia lake. Niliondoka na abiria watatu. Jioni Baba alikuwa ameshasikia.

"Kesho upeleke kwa fundi," alisema. "Hivi hata kuku haitapanda mu gari yako."

"Baba, mi sichongi tena."

"Na ukikwama na dada yako mu matope? Utamubeba ku mugongo?"

Tairi za mpira mnene zingevumilia mawe lakini zingeweza kuteleza na kukwama. Za kuchongwa zingepita matope na kupasuka kwenye mawe. Kwa siku tatu nilikwenda na kurudi kati ya mambo hayo mawili. Nilichora barabara kwenye karatasi, nikaweka alama kila penye jiwe na kila penye tope, kana kwamba dada yangu alikuwa zoezi la chuo. Siku ya nne niliona kosa langu: nilikuwa nikichagua tairi za kukimbilia hospitali. Kama angeshuka Baraka mapema bila kusubiri uchungu, tusingekuwa na haja ya kukimbia. Tungengoja njia ikauke siku mbili, nipunguze upepo wa tairi mahali pa udongo laini ili mpira utanuke na kushika, niujaze tena kwa pampu kabla ya mawe, twende kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nilimweleza Baba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama mukwe wake hatakubali atoke mwezi muzima mbele ya kuzaa," alisema. "Iko mihogo ya kulima. Utamwambia dada yako nini?"

Nilijua la kusema. Nilikuwa nalijua tangu mwaka jana.

Siku mbili zilipita bila mvua. Siku ya tatu nilipanda bila abiria. Dada alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo, miguu imevimba. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia kuhusu kisu, waya, masizi, na kicheko changu, kisha nikamwomba ashuke nami leo, njia ikiwa kavu, akangojee uchungu Baraka.

Aliendelea kumenya hadi muhogo uliokuwa mkononi ukaisha.

"Uliona waya na macho yako?"

"Niliona, yaya," nilimjibu, kama ninavyomwita dada mkubwa tangu utotoni.

"Na ukanipakiza."

"Njo vile."

Hakulia wala hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliingia ndani, nikamsikia akizungumza kwa sauti ya chini na mama mkwe, kisha sauti ya mama mkwe ikapanda, kisha ikakatika. Alitoka na nguo zake zimefungwa ndani ya kitenge.

Hakupanda gari mara moja. Alilizunguka, mkono mmoja kwenye tumbo, akainama kwa shida mbele ya kila gurudumu na kuingiza kidole. Kwenye tairi ya mbele kulia alikaa muda mrefu, akiminya mpira ndani ya mfereji kutafuta mahali pembamba. Sikumsaidia kuinuka; aliushika mlango mwenyewe.

"Meno hakuna," alisema.

"Hakuna. Lakini mpira iko munene."

Alipanda, akageuzia uso wake dirishani. Nilifika kwenye udongo mwekundu, nikasimama, nikashuka na kuanza kupunguza upepo, gurudumu moja baada ya jingine.