Ghana Niliyoitetea Kisumu

Nilipochomoa karatasi iliyoandikwa "Ghana" kutoka kwenye kofia ya mwalimu wa jiografia, nusura nilie kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa Ivory Coast! Nilikuwa nimeshinda maktaba ya mji nikipekua magazeti ya zamani, nikakariri maghorofa ya Abidjan, taa zake, barabara zake za lami na kakao yake inayopakiwa melini. Hoja ya mdahalo ilikuwa kwamba maisha ni bora Ivory Coast kuliko Ghana, na mtu angeipingaje? Mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini tulikuwa tukisikia redioni kwamba Ghana watu wanapanga foleni ya sabuni. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Kwangu huo haukuwa mchezo wa shule. Nilikuwa kidato cha nne, na baba yangu, mpakiaji mizigo kwenye gati la Kisumu, alikuwa ameshakata shauri kwamba ningeishia hapo. Dada yake, shangazi yangu wa Pap Onditi, alikuwa amepata familia yenye ng'ombe na kijana mpole, na walichosubiri ni mtihani wangu wa mwisho tu. Nilikililia kidato cha tano mpaka nyumba nzima ikachoka na mimi. Mwishowe baba akasema, "Hiyo Jumamosi ya wazazi, siku ya mdahalo, nitakuja nisikie mwenyewe. Kama shule imekupea kitu, nitaona. Kama ni kelele tu, utaenda na shangazi yako."

Sasa nende nikamwoneshe baba nini? Foleni ya sabuni?

Nilimpelekea mama kilio changu sokoni, alikokuwa akiparua magamba ya samaki aina ya ngege. Hakuinua macho. "Huko Ghana, soko ni ya nani?" akauliza.

Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya hilo. "Ni ya wanawake, Mama. Kila bidhaa ina malkia wake, na mwanamume akitaka kuuza lazima aongee na yeye."

Mama akaweka kisu chini. "Hao ni watu! Na huko kwingine?"

"Kuna maghorofa."

"Nani analala ndani?"

Sikujua. Nilirudi maktaba mbio, jasho likinitiririka, nikasoma tena magazeti yale yale kwa macho mengine. Kumbe katika ofisi nyingi za Abidjan waliokaa kwenye viti vikubwa bado walikuwa Wafaransa, na katika mashamba mengi ya kakao waliovunjika migongo walikuwa vibarua kutoka nchi jirani. Na Ghana nikakuta shule juu ya shule. Nilifurahi hata msimamizi wa maktaba akaniamuru nitoke nje nikafurahie huko.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Mdahalo ulifanywa kwa Kiswahili ili wazazi wafuate. Baba alikuja na kundi zima la wenzake wa gati, wakaketi mstari wa mbele kama wao ndio waamuzi, na nyuma yao mama na shangazi aliyeamka alfajiri kuja kunitazama. Mpinzani wangu alikuwa mvulana wa shule ya wavulana, amevaa tai, na naungama kwamba ulimi alikuwa nao. Aliijenga Abidjan ghorofa baada ya ghorofa mpaka tukaiona. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimetangulia kuzisifu shule za Ghana.

"Dada yangu anatuambia Ghana kuna shule. Sawa. Lakini mtu akitoka shambani na matope, anaoga kwa cheti?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Baba naye alicheka, tena alijipiga paja. Hapo ndipo mori uliponipanda. Karatasi zangu niliziacha mezani nikasogea mbele.

"Mama zetu hapa," nikasema, "wakati wa vita ya wazungu, sabuni ilipopotea, mlifulia nini?"

"Majani ya mpapai!" akajibu mama mmoja. "Na jivu!" akaongeza mwingine.

"Na nguo zilitakata?"

"Zilitakata!"

"Basi sabuni ikikosekana, kuna mpapai. Shule ikikosekana, tutachuma majani gani? Mtoto aliyenyimwa shule mwaka huu, mwaka kesho mtamfua kwa kitu gani?" Nilikuwa namtazama baba, sikujificha. "Ndugu yangu anasifu ghorofa. Mimi nauliza swali la mama yangu: nani analala ndani? Ghorofa ya mgeni haikukingi mvua. Heri foleni ambayo binti yako amesimama na kitabu mkononi, kuliko taa zinazommulikia mtu mwingine."

Kina mama walipiga vigelegele. Sijawahi kuonja raha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Kisha waamuzi wakanong'onezana, na mwenyekiti akasimama kutangaza. Ivory Coast ilikuwa imeshinda, kwa pengo dogo sana. Yule mvulana akapewa kikombe. Mimi nikakaa nikiangalia viatu vyangu, nikiwaza ng'ombe wa Pap Onditi.

Nikasikia sarafu ikigonga meza ya waamuzi.

Lazima nieleze. Kwetu Wajaluo, kwenye ngoma mtu hutupa sarafu, muziki unanyamaza, naye anasimama kujisifu yeye na watu wake. Twaita pakruok. Hufanyika penye ngoma na pombe. Mbele ya mwalimu mkuu aliyevaa suti, sijaona tena. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi, akisubiri mwenyekiti anyamaze kama anavyonyamaza mpiga nyatiti, kinubi chetu. Mwenyekiti, maskini, alinyamaza.

"Ni mimi!" baba akanguruma. "Mimi baba ya msichana anajua Ghana na hajapanda meli! Mimi nabeba magunia ya dunia yote na mgongo, mtoto yangu anaibeba na kichwa! Hao waamuzi wamepea kijana kikombe, wacha akunywe chai! Ni mimi, baba ya Form Five!"

Watu wa gati waliruka juu. Mama alijifunika uso kwa leso, mabega yakimcheza. Mwalimu mkuu alijaribu kugonga meza, akaacha, akapiga makofi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, shangazi alimfuata baba hatua kwa hatua. "Ndugu yangu, na wale watu wa ng'ombe nitawaambia nini?"

"Waambie watafute kwingine."

"Lakini tulikubaliana!"

"Hukusikia vile nilijisifu?" Baba alisimama katikati ya barabara. "Mtu anajisifu mbele ya watu, halafu anameza? Unataka gati yote iniite muongo?"

Nilirukaruka pale barabarani, mwanafunzi mzima wa kidato cha nne, sketi ya shule ikipepea, nikapiga ukelele hata waendesha baiskeli wakageuka. Baba alinitazama kwa jicho kali.

"Na wewe, nyara," akasema, akiniita binti yake kwa Kijaluo, "hiyo Form Five ukifika, ujifunze kushinda."