Kahawa ya Kutafuna Kabla ya Picha ya Moyo

Mwaka ule migomba ilinyauka, tukala ugali wa muhogo hadi Krismasi, watoto wakiulizia ebitoke, ndizi zetu za kupika, kama mtu anavyoulizia ndugu aliyesafiri asirudi. Nakumbuka ndio mwaka ambao babu yenu, mume wangu, alianza kushika kifua akipanda kilima cha kwetu Nyakakika.

Daktari akamtuma hospitali ya mbali kupigwa picha ya moyo. Si ile picha ya mifupa unayoijua, mwanangu. Hii wanakudunga dawa yenye mionzi, inakwenda na damu hadi moyoni, halafu mashine inakuzunguka kifua kuitazama. Na kwa kuwa magoti yake hayakuweza kukimbia, wangemdunga nyingine ya kufungua mishipa kama ya mtu aliyekimbia. Akaambiwa tangu siku ya kabla asinywe kahawa wala chai.

Hakunywa. Lakini njiani kwenda hospitali tulipita Ihanda kumuaga dada yake, naye akaleta kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Nani kwetu anakataa? Mimi nilipokuwa bibi harusi nilikataa punje moja tu, na mama mkwe akaniambia mbele ya wageni, "Umeikataa kahawa yetu, basi na sisi umetukataa." Nililia jikoni. Basi babu yenu akatafuna, akasifu, akaongezewa.

Hospitali alikuwa mtiifu kama mtoto wa kipaimara. Kijana wa mashine akamwambia, "Babu, mikono juu ya kichwa, usijitikise. Ukijitikisa, picha inaonyesha doa ambalo halipo. Kahawa hujanywa?"

"Sijanywa, baba. Nimelala kama gogo, wewe usinichanje kuni tu."

Picha ikatoka nzuri. Moyo unapata damu, wakasema. Akarudi shambani amefurahi, na kabla mavuno hayajaisha tulimkuta amelala chini ya mibuni, baridi.

Sasa binti yetu Koku naye anashika kifua. Nilimsindikiza kupangiwa siku ya picha. Kijana yule yule akatusomea masharti, nikamuuliza, "Na ya kutafuna?"

"Hata hiyo, bibi. Kahawa inaizuia dawa isifungue mishipa. Mahali pagonjwa panaweza kuonekana pazima."

Nikamweleza ya babu yenu. Hakusema kahawa ndiyo iliyomuua. Alisema hatuwezi kujua tena. Hilo ndilo ninalolala nalo. Hakuna aliyedanganya, mwanangu, isipokuwa picha.

Kwa hiyo nisikilize. Ukienda kupigwa picha ile, taja kila kilichoingia kinywani mwako, hata kile usichokihesabu kuwa chakula wala kinywaji. Wakikuambia usijitikise, usijitikise, hata nzi akitua puani mwako. Na usikubali kufa kwa sababu ya adabu. Mungu akupe moyo unaoonekana jinsi ulivyo, akupe na ndugu watakaokupenda hata ukiwakatalia.

Jana wakwe wa Koku walikuja kutoka Isingiro kumuaga, kikapu mkononi. Mama mkwe wake akakifunua. Nikaweka kiganja changu juu ya kikapu.

"Hatafuni. Kasirikeni mpaka mchoke, hatafuni."

"Mama Koku, punje moja tu, ya baraka. Tumetoka mbali."

"Hatafuni. Kasirikeni mpaka mchoke, hatafuni."