Mashine ya Joel na Vumbi la Mama

Mimi niliachia shule darasa la tano, kwa hivyo kichwa cha kutunga hadithi sina. Haya yalinipata mwenyewe, saa nane mchana, tena mimi pombe situmii. Ukikataa, kataa, lakini soma kwanza, hasa kama kuna mtu amekuja kwako na mashine ya kunyonya vumbi na unajiuliza kama bei yake inafaa.

Nianze na waliofanya nikainunua. Wa kwanza ni Barnaba, msimamizi wetu kwenye kiwanda cha majani chai huku upande wa Sotik. Nilifanya kazi chumba cha kuchambua chai kavu, mahali vumbi linaruka mpaka humwoni mwenzako. Vitambaa vya kufunika pua vilikuwepo. Barnaba alivifungia kwenye kabati lake, akawa anatutolea siku ya wageni, wakiondoka anavikusanya. Wenzangu wawili wa chumba hicho tumewazika. Mimi nilibaki na kifua kinacholia kama mlango mbovu, na daktari akaniambia, mzee, ukitaka kuishi, kaa mbali na vumbi.

Wa pili ni Joel wa Merigi, muuzaji wa mashine. Alikuja na viatu vinavyong'aa, akamwaga jivu la jiko langu kwenye zulia, akalinyonya lote nikiangalia. Akaniambia, "Mzee, ufagio hautoi vumbi, unalihamisha tu. Hii inalimeza." Nilimpa mtamba wangu wa mwisho wa ukoo wa ng'ombe wa mama. Akaniachia onyo moja: nisifungue tumbo la mashine, likijaa atakuja kulimwaga mwenyewe. Hakuja. Simu yake mpaka leo haipatikani.

Mke wangu Rael alicheka. "Baba Kibet, umeoa mke wa pili, na huyu ananguruma."

Lakini niseme ukweli, ilinisaidia. Nililala usiku mzima bila kuketi kitandani nikitafuta pumzi. Rael akienda kuchuma chai, mimi nabaki kunyonya nyumba kama msichana wa kazi, majirani wakipita wananisalimia kwa kucheka. Nilimaliza zulia, nikamaliza kuta za mbao, mwisho nikaingia chumba cha mama.

Hicho chumba ndicho kilibaki cha nyumba yetu ya zamani, cha udongo. Mama alipokufa nilikiacha kimeshikana na nyumba yangu mpya. Unakumbuka sakafu ya kupakwa samadi? Mama alikuwa anachanganya na jivu, anapaka kwa kiganja, anarudi nyuma kwa magoti akichora nusu duara moja juu ya nyingine mpaka mlangoni. Harufu yake ikikauka, pamoja na ile ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilichosuguliwa kwa mkaa, hakuna sabuni ya duka inaifikia. Asubuhi jua lilipita kwenye tundu la ukuta, vumbi likawa linacheza kwenye ule mwanga. Mimi mtoto nililipiga kwa mikono. Mama alinishika. "Acha, weri. Hao ni watu wetu wanaingia kukaa."

Weri ni kijana. Aliniita hivyo hata nikiwa na ndevu.

Basi nikanyonya hicho chumba. Dari, rafu ya vibuyu, chini ya kitanda chake. Nilipomaliza nikaangalia ule mwanga wa tundu. Ulikuwa mtupu, kama maji kwenye glasi. Nilifurahi, niamini. Nikafurahi kama mjinga.

Siku iliyofuata mvua ya mawe ilipiga majani chai huko nje mpaka uwanja ukawa mweupe. Nimekaa sebuleni, mashine iko katikati, mara mama mzee ameingia, amejifunika shuka mpaka kwenye paji la uso. Nikamwambia, "Karibu, Kogo, kaa kwenye kiti upate joto." Kogo tunaita nyanya.

Akasema, "Kiti naona. Pa kukaa ndipo sipaoni."

Akaiangalia mashine. "Huyu unamlisha nini?"

"Vumbi, Kogo."

"Vumbi la nani?"

Nikageuka kummiminia maziwa, na hapo ndipo akili ikanijia kwamba shuka lake lilikuwa kavu. Kugeuka, hayupo. Kwenye saruji kulikuwa na nyayo, si za maji, ni za vumbi la kijivu. Zilitoka mlangoni zikafika kwenye mashine. Za kurudi hazikuwepo. Na mguu wa kushoto ulikosa kidole kidogo. Cha mama kilikatwa na jembe nikiwa mtoto, nilikuwa nimesimama karibu naye.

Sasa sikia ujinga wa mtu mwenye hofu. Niliwasha mashine nikazinyonya zile nyayo zote.

Rael alipofika nikamweleza. Akasema, "Ni hizo dawa za kifua."

Mwezi haukuisha, mke wa Kibet, kijana wetu, akajifungua msichana. Sisi ni watu wa kanisa, lakini mtoto lazima aitwe. Akina mama wazee wanajifungia naye, wanamnusisha tumbako, wanataja majina ya waliotangulia. Akipiga chafya kwenye jina fulani, huyo ndiye amerudi. Walijifungia chumba cha mama. Nilikuwa nje ya mlango, nasikia senge, dada ya baba yangu, akitaja. Jina la mama, Tapkigen, alilitaja mara tatu. Kimya. Akataja wengine wote anaowajua. Kimya. Mwisho nikamsikia akisema, "Nyumba hii ni kavu. Nani amewafukuza?"

Niliinuka nikabeba mashine, nikagonga. Mwanamume hagongi mlango huo.

Senge akafoka, "Umelewa?"

"Senge, mama yuko humu ndani," nikamwambia. Nilipiga magoti kwenye sakafu yake, nikafungua lile tumbo, nikalimwaga chini. Vumbi likapanda, likaingia kwenye mwanga wa tundu, likaanza kucheza. Hakuna aliyenifukuza tena. Senge akasema polepole, "Tapkigen."

Mtoto akapiga chafya. Akina mama wakacheka wakilia. Mimi nilitolewa nje nikikohoa damu, nikalala wiki mbili.

Kwa hivyo unaniuliza kama mashine inafaa bei yake? Inafaa. Inanyonya kama Joel alivyosema, na bila hiyo Barnaba angekuwa amenizika pia. Kila asubuhi naiwasha, napita nyumba yote, nikifika mlango wa mama nazima. Humo ndani mjukuu wangu Tapkigen anatambaa kwenye ile sakafu, anapiga mwanga kwa mikono. Nikiingia kumshika nakohoa mpaka machozi, na bado naingia.

Wewe ukitaka kununua, nunua. Lakini usimeze kitu kabla hujajua ni vumbi la nani, na muuzaji akikwambia usifungue tumbo, lifungue akiwa bado amesimama hapo.