Nani Alikuwa Anakuna Nazi Chumba cha Ndani

Kwaru, kwaru, kwaru. Mpaka leo nikisikia mtu anakuna nazi, roho yangu inasimama kidogo. Siku ile sauti ilitoka chumba cha ndani, nyumbani kwa Bibi, Kisarawe. Bibi mwenyewe alikuwa uani anapepeta mchele, mama anachambua kisamvu, mimi nimekaa kizingitini na pengo langu la meno ya mbele. Sasa huko ndani nani anakuna?

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka likizo zetu. Sisi tulikaa Kibaha, maeneo ya Tumbi, shule zikifungwa tu tunapandishwa Kisarawe. Mimi nilikuwa namfuata dada yangu Zuhura, aliyelelewa na Bibi. Hakuna aliyemweza kwenye mpira wa rede, ule wa kukwepa usipigwe. Na akikusimulia hadithi anafika pale mlango unafunguka wenyewe, anapiga miayo, anakwambia kalale. Unalala macho wazi.

Likizo ile nikafika, Zuhura hayupo.

"Kaenda Dutumi kwa mama mkubwa," Bibi akasema, haraka mno.

Lakini kandambili zake zilikuwa mlangoni. Nani anaenda Dutumi peku? Kuanzia hapo nikamshuku kila mtu. Nikaona sahani ya wali imefunikwa kawa inaingia ndani, inatoka tupu.

"Bibi, mle ndani kuna nani?"

"Panya."

"Panya anakuna nazi?"

"Panya wa Kisarawe wanajua kupika. Hebu kawape kuku maji."

Wakacheka yeye na mama mpaka ungo ukatetemeka. Mimi sikucheka. Binamu yangu Shabani, anayejua kila kitu, alishaniambia: "Dada yako anaozeshwa. Hizo nazi za wali wa harusi. Akiondoka humwoni tena." Nililia nyuma ya choo mpaka kwikwi. Nikamuuliza mama, akanijibu, "Wewe mtoto, mdomo wako hauna mlango," basi.

Mchana mmoja mvua ilikatika, Bibi na mama wakaenda kwenye msiba. Nikabaki na mama wa jirani, ambaye siku hizo haondoki kwetu. Akapitiwa na usingizi mkekani. Nikanyata, nikabandika shavu mlangoni.

"Zuhura?"

Kwaru ikakatika.

"Nenda zako, utanisababishia maneno."

Ni yeye.

"Umeolewa?"

Nikamsikia anacheka kwa kujiziba mdomo. "Mjinga wewe. Nimevunja ungo, nimewekwa ndani. Somo yangu, anayenifunda mpaka kukuna nazi, huyo hapo nje anakoroma. Watoto hamwambiwi, na wewe hasa, ungetangaza mpaka kisimani." Kisha akauliza, "Hivi mvua imenyesha? Huku inakuja harufu tu."

Siku hizi mwali anawekwa ndani na simu yake. Kabla hajatolewa mtaa mzima umeshamwona kwenye status, na hina yake, na keki. Wadogo zetu hata kisa wanakianzia mwisho: "Ni hivi, hakufa, sasa sikiliza." Nisikilize nini tena? Ingawa nikifikiri vizuri, hakuna mtoto anayelia nyuma ya choo kwa kutoambiwa, na hilo nalifurahia. Ila najua kwa nini kile kisa bado kinanikaa moyoni. Zuhura alitolewa kwa ngoma, kanga mpya, ngozi inang'aa, na nilipomtupia mpira wa rede akaudaka, akanirudishia mkononi kwa upole kama mtu mzima. Hakucheza tena. Kushuku kwangu hakukuwa kwa bure. Kuna mtu kweli alikuwa anaondoka.

Lakini pale mlangoni hilo sikulijua. Nilijua tu dada yangu yupo, na hajaiona mvua. Nikatoka peke yangu, nikavunja kitawi cha mlimau kilicholowa, nikakipitisha chini ya mlango taratibu, majani yakitangulia.