Bei ya Memori na Kesi ya Mpaka

Kompyuta yangu ilizima Alhamisi, nikiwa katikati ya maneno "mshtakiwa alihamisha mpaka kwa hila". Mshtakiwa mwenyewe alikuwa baba yangu mkubwa. Aliyekuwa akinisomea maneno hayo, amesimama nyuma ya kiti katika kibanda changu cha kuchapa pale mtaani Amalemba, alikuwa mdogo wake, yaani baba yangu mzazi. Walikuwa wamegombania mistari mitatu ya miwa kwa miaka sita. Hakimu alitaka maelezo yaliyochapwa Jumatatu, la sivyo kesi itupwe, na Baba alikuwa ameapa kwamba afadhali atupwe yeye.

Tukaibeba mashine hadi kwa fundi mjini. Akaifungua, akachomoa kijiti cha memori, akatikisa kichwa. Kipya kilikuwa bei mara mbili ya kile cha kwanza.

"We! Unaniibia mchana kweupe?" nikang'aka.

"Si mimi, dada. Kampuni za ng'ambo zinashtakiana. Kila moja inasema ujuzi wa kutengeneza memori ni wake, hataza inayo, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, wengine wailipe. Zikishalipa mawakili na kulipana, zinatupandishia sisi bei."

Baba akasonya. "Kwani huko hawana wazee wa kijiji? Hawakupanda miti ya mpaka?"

"Mzee wangu, wanagombania akili, si shamba."

"Akili gani hiyo? Watu wazima wanashikana mashati miaka nenda miaka rudi, mtoto wangu ndiye analipa! Si wangekaa chini tu, wakaongea, wakamaliza?"

Nikamtazama usoni nione kama anatania. Wapi! Alikuwa na uchungu wa kweli, na bahasha ya kesi yake iko kwapani.

Jioni akamsimulia Mama hasira hiyo yote. Mama alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu, mwiko ukasimama.

"Na kesi yako nayo, Mzee? Ng'ombe wangu wa kwanza alienda kwa wakili, wa pili kwa mpima mashamba. Mimi nimemshtaki nani?"

Baba akaisukuma ile bahasha chini ya kiti. Nilitaka kucheka, nikaogopa.

Jumamosi akamwalika kaka yake kwa chakula. Baba mkubwa alikuwa hajakanyaga kwetu tangu kesi ianze, na alipofika alikaa karibu kabisa na mlango. Mama akaleta kuku. Firigisi kwetu ni ya mkubwa, na kuna nyumba zimevunjika kwa sababu yake. Baba akaichukua kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea kaka yake kwenye sahani.

Baba mkubwa aliitazama sana. Kisha akaikata katikati, jambo ambalo sijawahi kuliona mahali popote, akamrudishia Baba nusu.

"Kula, ndugu yangu. Mawakili wamenona, sisi tumekonda."

Baba akatafuna huku machozi yanamtoka. Nami nililia, na mchuzi haukuwa hata na pilipili ya kusingizia.