Wanaume Kumi na Mmoja na Paa la Mama

Kanisa letu la hapa Makoko likiunda kamati ya kazi za jamii, jina langu halikosi kutajwa. Wanasema mama yule anajua kusema, alikuwa mwalimu, watoto wake wamekua, ana nafasi. Mimi nakataa. Mwaka huu nimekataa tena, na mwenyekiti wa akina mama aliondoka kwangu amenuna, hata chai hakuimaliza. Alitaka kujua kama mimi ni wa wale wanaosema kanisa lihubiri tu, mambo ya mirathi na mabinti wanaokeketwa liiachie serikali. Nikamwambia sijui. Nilimdanganya. Najua vizuri ninachofikiri, ila si jambo la kumwambia mtu aliyeshika kikombe cha chai.

Nilikulia kando ya ziwa, upande wa Kisorya. Baba alivua na kulima pamba, na alikufa kwa homa ya wiki moja nilipokuwa darasa la saba. Sisi watoto tulikuwa wanne, mimi mkubwa. Mama hakuwa mtu wa pale. Alitoka Butiama, akaolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale kaka yake aliwatoa mahari ya mke wake mwenyewe. Kwa hiyo kurudi kwao lilikuwa neno tu. Angerudi, ng'ombe wangedaiwa, na ng'ombe hawakuwapo.

Sasa kwetu kulikuwa na jambo hili, na bila kulielewa huwezi kuelewa mengine. Paa la mjane halipandwi na mtu yeyote tu. Mwanamume akipanda juu ya nyumba ya mjane kuezeka, huyo amemrithi. Hakuna karatasi wala mshenga. Anaweka ngazi, anapanda, watu wanaopita njiani wanamwona, na akishuka anapewa maji ya kuoga na chakula. Basi, imekwisha, yeye ndiye mwenye nyumba. Fundi wa kijiji hakupanda kwa mjane hata ungembembeleza kwa machozi. Ndugu wa mjane naye hakupanda, kwa sababu hiyo ilikuwa sawa na kumchukua dada yake arudi nyumbani. Mwanamke kupanda juu ya paa ndiyo kabisa hakuna aliyewahi kuliona. Niliwahi kumwambia mama nipande mimi. Aliniangalia kama niliyetukana.

Paa letu lilikuwa la nyasi, na lilikuwa limechoka hata kabla baba hajafa. Miaka hiyo mabati tuliyasikia tu. Tulifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, sukari ilipita kwa balozi wa nyumba kumi na mara nyingi iliishia kwa balozi. Nani angekuletea bati?

Aliyestahili kumrithi mama alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba. Nisimtie ubaya asiokuwa nao. Alikuwa na wake wawili na hakumtisha mama hata siku moja. Alikuwa akipita njiani kwenda ziwani, anasimama, anaangalia paa letu, anasema, "Shemeji, mmeamkaje?" kisha anaenda zake. Alijua mvua inamfanyia kazi yake.

Mama hakumtaka. Sababu ya kwanza aliniambia mwenyewe: hakutaka kuwa mke wa tatu wa mtu aliyekuwa akimpelekea maji ya kunawa kama shemeji. Sababu ya pili alipewa na kanisa.

Kanisa lilileta semina. Alikuja mtumishi kutoka Musoma mjini, kwa Landrova, na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Siku tatu alitufundisha kwamba kanisa lisilogusa maisha ya watu limekufa, na kwamba kurithi wajane ni giza. Alisema vizuri, sitamnyima hilo. Wanawake waliitikia mpaka sauti zikawakauka. Siku ya tatu mama alisimama nyuma kabisa, akauliza swali moja.

"Na paa je?"

Yule mtumishi hakuelewa. Mchungaji wetu akamnong'oneza, akamweleza. Mgeni akacheka, kicheko kizuri tu, akasema, "Basi kanisa zima lipande! Wakipanda wote, nani atasema fulani kamrithi?"

Ilikuwa akili kubwa. Hata mimi nilipiga makofi. Mchungaji akanyoosha mkono wa kwanza, na wanaume wengine kumi wakamfuata, wazee wa kanisa na waimbaji, wakasimama mbele ya madhabahu wamepanga mstari. Wakapangiwa Jumamosi. Mama alikuwa akilia kwa furaha, na shoga zake wakamtania kwamba mwanamke wa kuezekewa na wanaume kumi na mmoja hajawahi kutokea Mara nzima.

Wiki hiyohiyo alikwenda kwa wazee wa ukoo, baba mdogo akiwapo, akawaambia kwamba hatarithiwa. Alisema kwa adabu, amepiga magoti, lakini alisema. Neno hilo likitamkwa mbele ya wazee halirudi mdomoni. Mzee mmoja alimuuliza, "Na nani atakupandia?" Mama akajibu, "Kanisa." Wazee hawakubishana naye.

Siku ya Ijumaa mimi na mama na akina mama watatu wa kanisa tulichukua miti mirefu yenye ndoano, tukasimama chini, tukavuta nyasi zote kuukuu upande wa mashariki. Kuvuta kutoka chini hakukukatazwa. Tulitaka wanaume wakija wakute kazi imeanza. Jioni nyumba yetu ilikuwa imebaki fito upande mmoja, unaona mbingu kutoka kitandani, na wadogo zangu walishangilia kulala wakihesabu nyota.

Walikuja. Hilo watu huwa hawalitegemei ninaposimulia, wanadhani nitasema hawakuja. Walikuja wote kumi na mmoja, saa nne asubuhi, wamevaa nguo safi. Nilipoona zile nguo safi nilijua si za kuezekea. Walikuja na wake zao na vitabu vya nyimbo. Waliimba. Mchungaji alihubiri uani kwetu kuhusu imani, muda mrefu. Kisha wakala. Mama alikuwa amepika sato watatu na kuku wake wa mwisho, na chai yenye sukari ambayo nilipanga foleni siku mbili kuipata. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani muda wote huo.

Baada ya kula mzee mmoja wa kanisa alinyanyuka, akavua koti, akaweka mguu kwenye ngazi. Mke wake alikuwa amekaa mkekani, ananyonyesha. Hakupaza sauti.

"Baba watoto," alisema, "ukipanda hapo, ushukie hapohapo. Kwangu usije."

Mguu ukatoka kwenye ngazi.

Mwingine akajaribu utani. Akasema, "Sasa tukipanda wote, si ina maana wote tumemrithi? Tutakuwa tunakujaga kwa zamu?" Watu wakaangua kicheko. Wake zao walicheka kuliko wote, kwa sababu walikuwa na hofu, na kicheko kiliwapa pa kuitupa. Mama hakucheka. Alikuwa anakusanya sahani, akaziweka chini tena moja moja, akasimama akimwangalia mchungaji.

Mchungaji akasema jambo hili linahitaji hekima, atakwenda Musoma kuuliza. Wakaomba sala ya kufunga. Walivyotoka pale waliingia mitini, kila mtu na njia yake. Hakuna hata mmoja aliyepita tena mbele ya nyumba yetu kwa mwezi mzima, hata waliokuwa na mashamba ng'ambo yetu.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalibadilika. Kazi ya kanisa ni roho za watu, alisema mchungaji, mila zina wenyewe, na tusimpe shetani nafasi ya kuligombanisha kanisa na wazee. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba kiwanja cha kanisa lile kilitolewa na ukoo wa baba. Huenda aliitwa akakumbushwa. Huenda hakuitwa, alijikumbusha mwenyewe.

Mvua zikaanza. Tulilala wanne chini ya meza, mama amekaa pembeni ameshika beseni. Unga ulilowa, madaftari yangu yakavimba, na mdogo wetu wa mwisho akapata kifua kilichokuwa kinapiga filimbi. Tulimpeleka zahanati, wakatuambia dawa hakuna, mtunze asipate baridi. Mama alicheka mbele ya daktari, kicheko kibaya. Alituma ujumbe kwa kaka yake Butiama. Jibu likarudi kwamba anatusalimu sana.

Nilifuatana naye kwenda kwa mchungaji. Alitupokea vizuri, akatoa viti.

"Vumilia, mama," alisema. "Bwana anakuona."

"Kuniona ananiona, mchungaji," mama alijibu. "Hakuna hata paa la kumzuia."

Nadhani mchungaji aliumia kweli, sikuwahi kumwona kama mtu katili. Lakini hakusimama kutoka kwenye kiti chake. Hilo ndilo nililobaki nalo kwa miaka hii yote: mtu mwema aliyekaa.

Kutoka hapo mama hakurudi nyumbani. Alipinda njia, akaenda moja kwa moja kwa baba mdogo, na mimi akaniambia nitangulie.

Baba mdogo alipanda Jumatatu. Alikuja na nyasi alizokuwa amekwisha kuzikata na kuzikausha nyumbani kwake, maana alijua. Nilitamani afanye kazi mbovu ili nimchukie vizuri. Alifanya kazi nzuri sana, siku mbili, kila fungu limekazwa, na lile paa halikuvuja hata tone. Aliposhuka mama alimpa maji ya kuoga. Nilimwona anayapima joto kwa kiwiko kama ya mtoto, na sura yake haikuwa na kitu chochote. Mdogo wetu alipona.

Jumapili mbili baadaye mchungaji alisoma matangazo. Baada ya habari za mavuno na mikutano ya akina mama, akamtangaza mama kwamba ametengwa na meza ya Bwana kwa kuishi na mwanamume bila ndoa. Ni mchungaji yuleyule, na kwa sauti ileile. Wale wazee wa kanisa walikaa mbele wakitikisa kichwa kwa masikitiko. Mama akahamia benchi la nyuma karibu na mlango, akawa anakaa hapo kila Jumapili, sahani ya ushirika ikimpita. Sikuelewa kwa nini aliendelea kwenda. Nilikuwa na hasira ya kuchoma moto vitu.

Miaka ikaenda. Enzi za ruksa zikaja, biashara ikafunguliwa, maduka ya Bunda yakajaa vitu mpaka milangoni, mitumba, redio, sabuni za kila rangi, na mabati. Wenye viwanda wakaanza kununua sangara, vijana wakapata fedha, sadaka zikapanda. Kanisa likanunua mabati yake. Siku ya kuezeka nilikwenda kupeleka maji. Wanaume walikuwa juu ya paa la kanisa wamejipanga, wanagonga misumari huku wanaimba. Nikawatambua wale kumi na mmoja, mmoja mmoja. Mzee wangu wa mguu kwenye ngazi alikuwa juu kabisa kileleni, amevua shati.

Najua kuna wanaosema kanisa lisijiingize kwenye mambo ya jamii. Kanisa lisingemwambia mama chochote kuhusu kurithiwa, mama angerithiwa mapema, akalia, akazoea, na asingetengwa peke yake. Hilo nalitambua. Lakini pia mtumishi wa Musoma alisema kweli, lilikuwa giza. Nashindwa kumsamehe kwa sababu moja: alikuja na maneno na Landrova yake, akamwondoa mama mahali alipokuwa amejishikiza, kisha akageuza gari.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesimulia nusu.

Baba mdogo alihamia Nyamuswa na mke wake mdogo, akaacha kuja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nimechumbiwa na mtu wa familia ya kanisa ya Musoma mjini, na arusi ilikuwa ifungwe pale nyumbani. Mchungaji akaniita. Akasema ingependeza mama wa bibi arusi akae mbele, na kwamba sasa hakuna kizuizi, atubu tu mbele ya ushirika arudishwe kundini. Wakwe zangu walikuwa wameuliza. Nikambembeleza mama wiki tatu. Nikamwambia ni maneno mawili tu, mama, semaga yaishe. Mwisho akakubali, akasema, "Kwa ajili yako, mwanangu."

Jumapili hiyo aliitwa mbele. Alivaa kitenge nilichomnunulia Bunda. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, mstari wa pili.

"Mama, umekuja kutubu nini?" mchungaji aliuliza.

Mama akafikiri.

"Nilinyeshewa," akasema.

Mchungaji akasogea karibu yake. "Taja dhambi, mama."

"Nilinyeshewa na watoto wangu. Nikamfuata aliyekubali kupanda. Sina nyingine."

Aligeuka, akatuangalia wote, wazee wa kanisa na wake zao, kisha kwaya. Akanitafuta mpaka akanipata. Alikuwa ananingoja. Sijui alitaka nifanye nini, labda nitoke tu kwenye mstari nikasimame karibu naye, hatua saba au nane hivi. Nilifikiria arusi. Nilifikiria wakwe zangu waliokuwa wamekaa benchi la tatu.

Mchungaji akampa ishara mwalimu wa kwaya, mwalimu akainua mkono, na kwaya ikaanza kuimba. Mama akajitanda kitenge vizuri, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mimi nilikuwa sauti ya pili. Niliimba beti zote nne, na sikukosea hata noti moja.