Kigonga na Miguu ya Kwenye Miwani

Nyie mnaosambaza video za "aliyepooza ahisi miguu tena" mnanichosha. Mnabandika mioyo, mnapita zenu. Hebu kaeni kidogo niwape habari za Kigonga.

Kigonga alikuwa fundi wa vigae. Jina alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu kila kigae akishakibandika lazima akigonge kwa kifundo cha kidole, asikilize. Kikilia tupu anakibandua, hata kama mwenye nyumba kashasema pamependeza. Alikuwa akiwajibu kwamba sakafu haisifiwi, inagongwa. Siku jukwaa la ujenzi lilipomwangusha, uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kitovuni kwenda chini, hana habari.

Hospitali ikamwingiza kwenye majaribio. Anavishwa limiwani linaloziba macho, humo ndani anaona miguu inatembea mchangani, na akiinama anaiona ni yake. Huku nje dada wa mazoezi anampitishia brashi nyayoni, sawasawa na mchanga unavyomgusa kule. Dada alishamwambia mapema: ubongo unajifunza polepole, na wengine hawapati kitu. Kisha akamuuliza kama anahisi.

Kabla ya kuvishwa miwani, Kigonga alikuwa kamwona mkewe mlangoni, kakumbatia mkoba, kabana pumzi. Akajibu anahisi. Kitu kama mchanga, kwa mbali.

Hakuhisi chochote. Mkewe akalia kwa furaha, na uongo ule ukaota miguu kabla ya mwenyewe. Mashemeji wakapiga simu kumtania kwamba kuna bafu la mtu linasubiri vigae vyake. Kila wiki miwani, kila wiki anahisi zaidi kidogo.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kigonga iliishia kwenye beseni. Nyumbani mkewe alizoea kuyapima maji kwa kiwiko kabla ya kumwosha miguu. Sasa ya nini tena? Jioni moja akamtumbukiza miguu, akamuuliza tu kama yako sawa. Kigonga akasema yako sawa. Akakaa nayo, wanapiga soga, mpaka mkewe akaona ngozi inaelea.

Wodini mkewe hakumgombeza. Alikaa akitazama bandeji. Kigonga akajiinamia, akagonga goti lake kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama zamani.

"Tupu," akasema. "Tangu siku ya kwanza, mke wangu. Nilikuona pale mlangoni."

"Mbona vigae vya watu ulikuwa unabandua?"

Kwenye majaribio wakamtoa, maana majibu yake yote hayaaminiki tena. Na kinachomtafuna ni hiki: kuna siku mbili tatu alidhani kweli kapata kitu, kama mdudu anatambaa kidoleni. Sasa hata yeye hajui.

Basi ukienda kumwona mgonjwa wa namna hii, nakuomba, usimuulize anahisi nini huku umemkodolea macho ya matumaini. Muulize habari za mpira. Na maji yapime wewe.